Dona, sembe, wali, chapati, ndizi au makande: kipi kikae kwenye sahani ya mwenye kisukari?

Mtu akiambiwa ana kisukari, ushauri humfikia kabla hajamaliza foleni ya dawa. Acha sembe, kula dona. Wali usiuguse. Asubuhi kunywa uji wa ulezi. Ushauri wa kwanza una nusu ya ukweli, wa pili una robo, na wa tatu huwapandisha wengi sukari kila siku kabla ya saa tatu asubuhi, wenyewe wakidhani wanajitunza.

Kasoro ya ushauri huu wote ni kwamba unapanga vyakula kwa majina na rangi. Sukari ya damu hupandishwa na mambo matatu: kiasi cha wanga kilichoingia tumboni, umbo la chakula (punje nzima, unga, au uji), na kilicholiwa pamoja nacho. Ndiyo maana hapa chini tumeviweka vyakula vya kila siku vya Tanzania na Kenya kwenye kipimo kimoja, wanga wa gramu 45, ili vionekane vikiwa bega kwa bega. Wataalamu wa lishe humpangia mtu mzima mwenye kisukari aina ya 2 kati ya gramu 30 na 60 kwa mlo, kwa kuangalia uzito wake, kazi anayofanya na dawa anazotumia. Gramu 45 iko katikati. Kama umepangiwa 30, punguza theluthi moja kwenye kila mstari.

| Chakula kilichoiva | Kiasi chenye wanga gramu 45 hivi | Kwa jicho | Kasi ya kupandisha sukari |
|---|---|---|---|
| Ugali wa sembe | gramu 170–180 | ngumi moja | haraka |
| Ugali wa dona | gramu 180–200 | ngumi moja na kidogo | wastani kuelekea haraka |
| Wali mweupe | gramu 160 | kikombe kimoja cha ml 250, usishindilie | haraka. Mchele wa basmati ni wastani |
| Chapati ya kusukuma | gramu 60 za unga | moja ya kawaida | wastani, lakini hukaa juu muda mrefu |
| Ndizi mbichi za kuchemsha | gramu 160–180 | vidole 2 vya kati | wastani |
| Viazi vitamu vya kuchemsha | gramu 180–230 | kimoja cha kati | wastani. Vya kuchoma ni haraka |
| Muhogo wa kuchemsha | gramu 125 | kipande kifupi cha urefu wa kiganja | wastani kuelekea haraka |
| Makande (githeri) | gramu 200 | kikombe kimoja kilichojaa | taratibu |

Uzito ni wa chakula kilichokwisha kupikwa, isipokuwa chapati, na hupanda au kushuka kulingana na maji uliyoweka. Ugali wa kukata kwa kisu una wanga mwingi kuliko ugali laini wa uzito uleule.

Dona na sembe: vita inayopiganwa mahali pasipo

Tuanze na hesabu. Gramu 100 za unga wa sembe zina wanga wa gramu 76 hivi. Gramu 100 za dona zina 72 hivi, na kati ya hizo kama 7 ni nyuzinyuzi, ambazo hazigeuki kuwa sukari. Kwa upishi wa kawaida, gramu 100 za unga hutoa ugali wa karibu gramu 300. Ugali wa sembe wa gramu 180, kwa hiyo, una wanga wa gramu 45, na wa dona wa uzito huohuo una kama 40. Tofauti ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai cha sukari na kitu kidogo juu yake.

Sasa chukua sahani ya mtu aliyerudi kutoka shamba, ugali wa gramu 400. Ukiwa sembe, ni wanga wa gramu 100, sawa na vijiko 25 vya chai vya sukari. Ukiwa dona, ni gramu 87. Aliyehamia dona akabaki na sahani ileile bado anakula karibu maradufu ya kiasi chake, na mashine ya kupimia sukari itamwonyesha hivyo saa mbili baadaye. Halafu atasema dona haifai.

Dona inafaa, ila si kwa sababu inayotangazwa. Mashine ya kusaga ikishageuza punje kuwa vumbi, vimeng'enya vya tumboni huufikia wanga kwa urahisi, pumba ziwepo au zisiwepo. Faida yake kubwa iko kwingine: inashibisha mapema, choo hakisumbui, na ina vitamini na madini ambayo sembe huyaacha kwenye mashine ya kukoboa. Ikikusaidia kukomea ngumi moja bila kurudi jikoni, basi imefanya kazi yake.

Mambo matatu huiharibu. La kwanza ni kuchekecha. Wengi hununua dona, wakakuta imekwaruza ulimi, wakaipitisha kwenye chekeche laini. Pumba zinazobaki juu ya chekeche ndizo hasa ulizokuwa unazilipia. Ikiwa ukwaruzaji ndio tatizo, ongeza maji kidogo, acha uji wake uchemke dakika 5 kabla ya kuongeza unga wa kusongea, na ukishasonga funika kwa moto mdogo dakika 5 nyingine. La pili ni kukaa muda mrefu. Kiini cha mahindi kina mafuta, na mafuta hayo huchacha. Saga dona ya wiki mbili au tatu tu. Ukisikia harufu ya mafuta ya zamani au uchungu mwishoni mwa tonge, unga umekwisha. La tatu ndilo zito: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu. Hukaa zaidi kwenye gamba na kiini, sehemu zilezile ambazo dona huzihifadhi na kukoboa huziondoa. Kwa hiyo dona ya mahindi yenye ukungu ni mbaya kuliko sembe ya mahindi hayohayo. Chambua punje zilizovunjika, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi kabla ya kupeleka mashineni. Usitegemee moto wa jikoni: kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Ugali wa mtama au wa ulezi, au wa kuchanganya nusu kwa nusu na mahindi, uhesabu kama dona. Ugali wa muhogo tunauweka mwisho kabisa. Unga wake una wanga unaokaribia gramu 85 kwa kila 100, na protini karibu haimo.

Kuhusu kipimo, ngumi ni nzuri ukiwa ugenini. Nyumbani tumia chombo. Chukua kikombe cha chai cha ml 200, kiloweshe kwa maji, shindilia ugali ukiacha upana wa kidole juu, kisha upindue kwenye sahani. Unatoka umekaa vizuri, na hapo ni gramu 170 au 180. Kikombe kiwe kilekile kila siku. Vikombe vya nyumba moja hutofautiana hata kwa ml 100, na hapo ndipo hesabu ya watu wengi inapovujia.

Wali

Kwa uzito, wali si mbaya kuliko ugali. Ubaya wake ni kwamba unapakuliwa kwa upawa na haujifichui: sahani ya wali iliyosawazishwa kwa mgongo wa kijiko huonekana ndogo hata ikiwa na vikombe viwili na nusu.

Njia rahisi ni kuhesabu kabla ya kupika. Mchele mkavu wa gramu 55 hivi ndio wenye wanga wa gramu 45, yaani kilo moja ni sehemu 18. Familia ya watu watano inayopika kilo moja kwa mlo mmoja inapakua zaidi ya sehemu tatu kwa kila mmoja.

Aina ya mchele inaleta tofauti, na hapa tofauti ni ya kweli kuliko ya dona na sembe. Mchele ambao punje zake ni ndefu na huchambuka ukiiva, kama basmati, hupandisha sukari taratibu kuliko ule unaonata. Mchele uliotokoswa na maganda yake kabla ya kukobolewa nao ni mzuri. Unaonekana wa manjano kidogo na hauvurugiki. Mchele wa kahawia una nyuzinyuzi zaidi, ila unataka subira: loweka angalau nusu saa, weka vikombe 2 na nusu vya maji kwa kikombe kimoja cha mchele, upike dakika 40 hadi 45. Ukiupika kama mweupe utatoka mgumu, na watu wa nyumbani hawataugusa tena. Mashendea (wali wa majimaji), kwa ulaini wake, hufika kwenye damu upesi kuliko wali wa mchele uleule.

Je, kiporo? Ni kweli kwamba wali uliopoa usiku kucha, sehemu ndogo ya wanga wake hubadilika na kuwa mgumu kusagwa, na hata ukipashwa moto mabadiliko hayo hayapotei yote. Lakini faida ni ndogo, haitoshi kuruhusu sahani ya pili. Na kina hatari yake. Wali ulioachwa mezani usiku huotesha bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupasha. Anayetaka kiporo autandaze wali kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, na uliwe kesho yake. Asiye na friji aachane nacho.

Wali wa nazi na pilau vina mtego mwingine. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula, hivyo sukari haipandi saa mbili baada ya kula bali saa tatu au nne. Anayepima saa ya pili huona 8.5 mmol/L akashangilia, kisha hulala nayo ikiwa 12. Na vile viazi mbatata ndani ya pilau ni wanga juu ya wanga: kimoja cha ukubwa wa yai kina gramu 12 hivi. Viache kwenye sufuria, au punguza wali kiasi hicho.

Chapati

Kilo moja ya unga wa ngano, maji ml 580 na mafuta kidogo hutoa donge la kama kilo 1.6. Ukilikata vipande 16, kila chapati ina unga wa gramu 62 na wanga wa gramu 47. Hiyo ndiyo chapati ya kawaida ya nyumbani. Mbili ni 94, na hujagusa maharage.

Tungeacha hapo kama si mafuta. Chapati ya kusukuma hupakwa mafuta ndani wakati wa kukunja na nje wakati wa kuchoma. Gramu 10 hadi 15 kwa moja si ajabu, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta (gramu 14) kina kalori 120 hivi. Matokeo yake ni kama ya pilau: kupanda polepole, kukaa juu muda mrefu. Kwa anayejaribu kupunguza kilo, na kupunguza kilo ni miongoni mwa tiba bora za kisukari aina ya 2 kwa mwenye uzito uliozidi, chapati inashindwa na kila kitu kwenye jedwali.

Kuipiga marufuku hakusaidii, maana Jumapili itafika. Badala yake:

- Kata donge lilelile la unga wa kilo moja vipande 23 vya gramu 70. Kila chapati inabaki na wanga wa gramu 32.
- Badilisha nusu ya unga kwa atta (unga wa ngano isiyokobolewa). Atta hunywa maji zaidi, hivyo ongeza ml 30 hadi 50 na uache donge lipumzike dakika 40 likiwa limefunikwa. Usipolipumzisha linarudi nyuma ukisukuma, na chapati hukauka pembeni.
- Pima mafuta ya kuchomea kwa kijiko cha chai, kimoja kwa chapati. Usiyamimine kutoka kwenye chupa.

Kisha ile na ndengu au maharage nusu kikombe na mboga za majani, si na chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari. Maharage nayo yana wanga, gramu 20 hivi kwa nusu kikombe, ingawa sehemu nzuri ni nyuzinyuzi na hupandisha taratibu. Yahesabu. Kuna wanaoyachukulia kama nyama tupu, wakala bakuli zima.

Mkate wa kahawia wa dukani haustahili aya yake. Soma orodha ya viambato: kama cha kwanza ni unga wa ngano wa kawaida na chini kuna rangi ya karameli, ni mkate mweupe uliopakwa rangi.

Ndizi, viazi vitamu na muhogo

Hivi vitatu vina sifa moja inayovipendelea: hupikwa na kuliwa vikiwa vipande, si unga. Kati yao, ndizi mbichi ndiyo tunayoichagua. Ikiwa bado ya kijani kibichi, sehemu ya wanga wake haisagwi tumboni. Kadiri inavyoiva wanga huo hugeuka sukari, kwa hiyo ndizi iliyoanza njano si chakula kilekile, hata kama ni ya mkungu mmoja. Vidole hutofautiana sana. Ndizi moja ya mkono wa tembo inaweza kuwa mlo mzima. Pima baada ya kumenya. Ndizi na nyama zikipikwa pamoja, supu iwe nyingi na vipande vya ndizi vihesabiwe kabla havijaingia chunguni.

Kiazi kitamu kinakwenda kinyume na jina lake. Kikichemshwa na ganda lake, kizima, hupandisha kwa kasi ya wastani. Kikichomwa kwenye mkaa au kuokwa, wanga hugeuka sukari kwa wingi ndani ya joto lile la taratibu, ndiyo maana utomvu hutoka kama asali. Chagua cha kuchemsha. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vina maji zaidi na wanga kidogo kuliko vyeupe vikavu, pamoja na vitamini A. Ndiyo sababu jedwali linatoa gramu 180 kwa vyeupe na 230 kwa vya rangi.

Muhogo ndio mzito kuliko vyote kwa kila gramu. Futari yenye muhogo, viazi vitamu, ndizi na tambi kwenye sahani moja ni vyakula vinne vya wanga vikishindana. Chagua kimoja, viwili vikizidi.

Mwenye kisukari ambaye figo zimeanza kudhoofika asihamie ndizi na viazi bila kuzungumza na kliniki kwanza. Vina potasiamu nyingi, na figo dhaifu hushindwa kuitoa. Kwake yeye, wali au ugali mdogo unaweza kuwa chaguo salama zaidi, jambo ambalo orodha za jumla za vyakula vya kisukari huwa hazilisemi.

Makande yameshinda, kwa sharti

Kama ni lazima kitajwe chakula kimoja cha kuliwa mara tatu kwa wiki, ni hiki. Punje ya mahindi iko nzima, imefungwa na gamba lake, na meno hayawezi kuisaga kama mashine. Maharage yanaongeza protini na nyuzinyuzi. Wanga ni uleule wa gramu 45, lakini huingia kwenye damu kidogo kidogo, na mtu hashikwi na njaa saa tano asubuhi.

Sharti la kwanza ni uwiano. Makande ya kawaida huwa na mahindi mawili kwa haragwe moja. Geuza, weka kikombe 1 cha mahindi kwa 1 na nusu cha maharage. La pili, tumia mahindi yasiyokobolewa. La tatu, magadi. Watu hutia magadi ili yaive upesi, lakini magadi ni sodiamu, na wenye kisukari wengi wana shinikizo la damu pia. Loweka saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, anza kuchemsha mahindi peke yake kwa saa moja ndipo uongeze maharage. Kwenye mkaa tegemea saa mbili na nusu hadi tatu; sufuria ya presha hupunguza muda huo zaidi ya nusu. Maharage yachemke kwa nguvu angalau dakika 10, yasipikwe kwa moto wa kunong'ona tangu mwanzo, kwani maharage mekundu yasiyochemka vizuri huumiza tumbo.

Sharti la nne huvunjwa na viazi. Githeri yenye viazi mbatata nusu sufuria imepoteza sehemu kubwa ya faida yake. Weka karoti, mchicha, kabichi au sukuma wiki badala yake.

Tatizo ambalo hatuwezi kulitatua ni gesi tumboni. Anza na nusu kikombe kwa wiki mbili, tumbo huzoea.

Uji, ambao hauko kwenye jedwali kwa makusudi

Kikombe cha uji cha ml 300 kina unga wa gramu 30 hadi 40, yaani wanga wa gramu 22 hadi 30, kabla ya sukari. Kwa namba hizo unaonekana mwepesi kuliko vyote. Lakini unga umesagwa laini, umechemshwa mpaka wanga umevimba, na unanywewa kwa dakika tano bila kutafuna. Tumbo halina kazi iliyobaki. Uji wa lishe wa nafaka saba una hadithi hiyohiyo. Kuongeza aina za nafaka hakupunguzi wanga. Ulezi una kalsiamu nyingi na nyuzinyuzi kuliko sembe, hilo ni kweli, na bado ukigeuzwa uji hupandisha.

Asiyeweza kuanza siku bila uji apime unga gramu 30, vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, apike mzito wa kuliwa kwa kijiko, auchachushe usiku mmoja (asidi hupunguza kasi kidogo), na ale yai au karanga kiganja kimoja kabla ya kijiko cha kwanza. Asali si njia ya kukwepa sukari. Ni sukari.

Mashine yako ndiyo mwamuzi

Watu wawili wenye umri na dawa sawa wanaweza kula gramu 180 za dona, mmoja akapanda 2 na mwingine 5. Kwa hiyo jedwali ni mahali pa kuanzia. Kulinganisha vyakula viwili kunagharimu stripu (vijiti vya kupimia damu) nane, na stripu ni ghali, basi usizipoteze:

1. Chagua vyakula viwili tu, kwa mfano dona na makande, kila kimoja kwa kiasi cha gramu 45.
2. Mboga, kitoweo na saa ya kula viwe vilevile. Usibadili dawa, na usijaribu siku ya homa.
3. Pima kabla ya kula. Anza jaribio kama uko kati ya 5 na 8 mmol/L; ukianza juu zaidi, matokeo hayaeleweki.
4. Pima tena saa mbili tangu tonge la kwanza, si tangu ulipomaliza. Kwa chapati, pilau na wali wa nazi ongeza kipimo cha saa ya nne.
5. Rudia kila chakula siku nyingine.

Ukianza 6.8 na kumaliza 9.1, umepanda 2.3, na hapo ni pazuri. Watu wazima wengi hulengwa kukaa kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa moja au mbili baada ya kuanza kula. Wazee na wajawazito hupangiwa malengo tofauti. Mashine inayosoma mg/dL, gawanya kwa 18.

Kipimo cha ajabu kikitokea, angalia vidole kabla ya kulaumu chakula. Aliyemenya embe akapima bila kunawa anaweza kusoma 15 akiwa 7. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, kwani tone la maji huizimua damu na kushusha namba. Kichupa cha stripu kifungwe papo hapo, kisikae juu ya friji, karibu na jiko wala ndani ya gari.

Kabla hujahukumu chakula, jaribu pia kubadili mpangilio: mboga na samaki kwanza, ugali mwishoni. Chakula ni kilekile, lakini kupanda hupungua. Matembezi ya dakika 10 hadi 15 mara baada ya kula nayo huonekana kwenye mashine siku hiyohiyo.

Anayetumia insulini au glibenklamaidi asome hapa kabla ya kupunguza

Mtu aliyekuwa akila ugali gramu 400 kwa dozi fulani, akishuka ghafla hadi 180 kwa dozi ileile, sukari yake inaweza kushuka mno akaanguka. Hatari hiyo iko kwa insulini na kwa vidonge vya glibenklamaidi, gliklazaidi na glimepiraidi. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Nenda kliniki na orodha ya unachokula sasa na unachotaka kula, dozi ipangwe upya kwanza. Anayechoma insulini ya mchanganyiko ya 30/70 hudungwa kama nusu saa kabla ya kula na anahitaji wanga wa kiasi kilekile kila siku kwa saa zilezile. Kwake uthabiti una uzito kuliko kuchagua kati ya dona na wali.

Kutetemeka, jasho la ghafla, moyo kwenda mbio, njaa ya kushtukiza au kuchanganyikiwa ni dalili za sukari kushuka. Chini ya 3.9 mmol/L, koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado. Kisha kula kitu. Chokoleti na uji huchelewa. Aliyepoteza fahamu asiwekewe chochote mdomoni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Kwa mama lishe

Huko hakuna mizani, na wali umeshapakuliwa. Omba nusu ya ugali au wali na bei ileile kama ni lazima. Mboga za majani mara mbili. Samaki wa mchuzi au dagaa badala ya wa kukaanga. Kama sahani imekuja imejaa, gawa kabla ya tonge la kwanza na usukume nusu pembeni au uifungishe, kwa sababu baada ya tonge la tano hakuna anayegawa. Chipsi mayai ina viazi vya kama gramu 200 vilivyozama kwenye mafuta, ikwepe. Na chai iagize mapema ukisema haina sukari, kwa kuwa mahali pengi sukari imeshatiwa humohumo ndani ya birika, na kikombe cha maji ya moto na majani huchukua dakika chache zaidi kukufikia.